Navigateri Gani Inachunga Siri Yako? Kwanza Sema Unamuficha Nani

Tangu nimalize masomo ya informatiki, watu wananiona kuwa fundi wa kila kitu chenye kiko na kioo. Televizio ikikataa kuonyesha muchezo, wananiita. Telefone ikianguka ndani ya maji, wananiita. Lakini swali lenye linarudia zaidi siku hizi ni hili: "Kaka, navigateri gani iko muzuri, yenye haichunguze mambo yangu?" Na mimi sijibu mbele ya kuuliza la kwangu: wewe unamuficha nani? Mutu anashangaa, anafikiri namutuhumu. Hapana. Ni vile navigateri yenye inakusaidia kumuficha mudogo wako mwenye kuazima telefone, siyo lazima ikusaidie kuficha kampuni ya matangazo. Na ile yenye inafukuza kampuni ya matangazo, siyo lazima ifunge macho ya kampuni yenye inakuuzishia mega.

Navigateri, ao kivinjari kama vile ndugu zetu wa Tanzania wanaandika, ni ile aplikasio yenye tunafungulia tovuti: Chrome, Firefox, Opera, Safari na zingine. Mimi naifananisha na mutu wa pikipiki mwenye anakubeba kila siku. Asubui anakupeleka kanisani, muchana hospitali, jioni kule kwenye hautaki baba yako ajue. Hakuulizi kitu. Lakini kisha mwezi moja tu, anajua maisha yako kuliko ndugu wa tumbo moja. Sasa, kama huyo mutu hakuombi hata franka moja ya safari, akili ya kawaida inaomba ujiulize: mafuta ya pikipiki, nani anayalipia?

Chrome ilitoka mwaka wa 2008. Ni ya Google, na sehemu kubwa ya mapato ya Google inatoka kwa matangazo. Tangazo linauzwa bei nzuri wakati muuzaji anajua ni nani mwenye ataliona: miaka yake, muji wake, mambo yenye alitafuta jana. Hiyo siyo fitina yangu, ni biashara yao na wanaifanya wazi. Ila ikumbukwe wakati unaona Chrome imekwisha kuwekwa ndani ya telefone yako hata mbele ufungue karatonyi.

Ili tuelewane vizuri, neno moja juu ya kuki. Kuki ni karatasi ndogo yenye tovuti inaacha ndani ya navigateri yako ili ikukumbuke siku ingine. Hiyo peke yake siyo mbaya. Bila kuki ungeandika neno lako la siri kwa kila ukurasa wenye unafungua. Shida iko kwa kuki za watu wa tatu. Unasoma gazeti, lakini ndani ya ule ukurasa kumefichwa vipande vya makampuni mengine yenye hauyajue, na kila moja inaacha karatasi yake. Kesho unafungua tovuti ya kutafuta kazi: kumbe kampuni moja kati ya zile iko pale vilevile. Inasoma karatasi yake na kusema, "Huyu ni yule wa jana." Vile vile kesho kutwa. Kisha muda, inakuwa na dosie yako, hata kama haujawahi kuiandikia jina lako.

Safari ya Apple ilifunga kuki zote za watu wa tatu mwaka wa 2020. Firefox ilianza kuzuia wachunguzi wenye kujulikana mwaka wa 2019, na mwaka wa 2022 ikapatia kila tovuti sanduku lake peke yake, ili kuki ya tovuti moja isisomwe kwa ingine. Chrome? Mwezi wa kwanza 2020 Google ilisema itaondoa hizo kuki ndani ya miaka miwili. Ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, na mwezi wa saba 2024 ikaacha ule mupango. Mutu anaweza kuwa na sababu zake nzuri, na kweli walitoa sababu. Mimi naangalia tu kama kuki ziko ao haziko.

Na hata kuki zikiisha, kuko njia ingine: alama za vidole. Tovuti inaweza kuangalia ukubwa wa kioo chako, luga, herufi zenye ziko ndani ya mashini, namba ya toleo la navigateri, na kuziunganisha. Mwaka wa 2010 shirika moja la Marekani, Electronic Frontier Foundation, lilipima jambo hilo kwa navigateri karibu 470 000: asilimia 83.6 zilikuwa na muchanganyiko wenye haukufanana na wa mutu mwingine yeyote kati ya wenye walipimwa. Ni kama kutafuta mutu sokoni bila kujua jina lake, lakini unajua amevaa shati ya kijani, kiatu kimoja kimepasuka, na anatembea na mwavuli wa bluu. Utamupata.

Hapa watu wengi wananiambia: "Sawa, wanione. Mimi sina pesa, wataniuzishia nini?" Basi tuache siri, tuongee mega. Vile vipande vya wachunguzi na matangazo vinashuka ndani ya telefone yako kwa mega zenye wewe mwenyewe umenunua. Video ya tangazo yenye inaanza kucheza bila kuombwa, ni wewe umeilipia. Kule ambako watu wako na intaneti ya nyumba isiyohesabiwa, hilo halionekane. Kwetu, kwenye mwanafunzi ananunua mega za siku moja ili apakue somo la profesa, linaonekana sana. Jaribu mwenyewe: fungua tovuti moja ya habari yenye matangazo mengi ndani ya Chrome, kisha ndani ya navigateri yenye inazuia matangazo, halafu ingia ku "Paramètres" ya telefone, pale panaonyesha kila aplikasio imekula mega ngapi. Ile tofauti njo ilinibadilisha mimi, mbele hata ya mambo ya siri.

Turudie swali langu. Unamuficha nani?

Kuko mutu wa karibu. Kwetu telefone haiko ya mutu moja. Mudogo anaazima ili atazame muchezo, rafiki anaomba apige, mama anataka kuona picha za ndoa. Binti anatafuta usiku "dalili za mimba", ao kijana anatafuta wapi wanapima VIH bila watu kujua. Kesho mutu mwingine anashika ile telefone, anaandika herufi mbili tu, na navigateri inamalizia yenyewe lile neno la jana. Nyumba zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Kwa huyu mutu wa karibu, dawa iko rahisi na iko ndani ya kila navigateri: ile "Navigation privée". Ukifunga dirisha lake, historia na kuki za pale zinafutwa. Kuko pia Firefox Focus, aplikasio ndogo yenye inafanya kazi namna hiyo kila wakati: unagusa kitufe kimoja, yote inaisha.

Lakini tusiipatie "Navigation privée" nguvu yenye haina. Inafuta ndani ya telefone yako, haifunge macho ya watu wa inje. Huko Marekani watu walishitaki Google mwaka wa 2020 kwa sababu iliendelea kukusanya mambo yao hata wakati walikuwa ndani ya dirisha la siri la Chrome, na mwaka wa 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi ili kesi iishe. Tena, kitu chenye umepakua kinabakia. Hili naliona kila mara ku siberi. Kuko moja karibu na Kasapa, sitaitaja, yenye niliingia siku moja kuchapisha karatasi. Nikafungua dosie ya "Téléchargements": CV za watu, diplome, kadi za uchaguzi, barua za kuomba kazi kwa makampuni ya migodi, majina, tarehe za kuzaliwa, namba za telefone, yote pale, mwenye kutaka achukue. Imeili ya mutu mwenye alinitangulia ilikuwa bado wazi. Na wale walikuwa watu wa masomo kama sisi. Kama unatuma dosie yako kupitia siberi, fungua dirisha la siri, kisha ondoa ile fichié ku "Téléchargements" na ku "Corbeille" mbele ya kusimama. Ndiyo, hata kama watu wanangojea nyuma yako wakipumua kwa nguvu.

Kuko kampuni za matangazo. Hapa njo navigateri zinatofautiana kabisa. Firefox ni ya Mozilla, shirika lisilo la faida. Mimi njo natumia, lakini sitaki niifanye malaika: sehemu kubwa ya pesa ya Mozilla inatoka kwa Google, yenye inalipa ili iwe mashini ya kutafutia ndani ya Firefox. Na mwezi wa pili 2025 Mozilla ilibadilisha masharti yake na kuondoa ile ahadi ya zamani kwamba haitauzisha kamwe data ya watu. Makelele yakawa mengi, ikabidi ieleze na kuandika upya. Brave inazuia matangazo na wachunguzi tangu siku ya kwanza, bila wewe kugusa kitu. Lakini nayo mwaka wa 2020 walikuta kwamba mutu akiandika adresi ya tovuti fulani za kubadilisha pesa za kripto, Brave inamalizia adresi yenye iko na alama ya kuipatia Brave faida. Waliomba musamaha, wakaiondoa. DuckDuckGo, yenye jina lake lote ni juu ya siri, mwaka wa 2022 mutafiti moja alionyesha kwamba navigateri yake ilikuwa inaacha wachunguzi wa Microsoft wapite, kwa sababu ya mukataba kati yao. Miezi michache kisha, wakafunga ule mulango.

Mutu atasema: basi wote ni wezi, nibakie ku Chrome. Hapana, akili haiendi vile. Makosa ya hawa yalionekana, yakasemwa, yakatengenezwa. Siyo sawa na navigateri yenye kampuni yake inaishi kwa matangazo. Mimi sitafute navigateri isiyo na zambi, natafuta yenye mutu akiikamata, inaona haya.

Na kuko hadisi moja ya mwaka wa 2025 yenye kila mutu wa Android angepaswa kuijua. Watafiti wa Hispania, Uholanzi na Ubelgiji walivumbua kwamba aplikasio za Facebook na Instagram, zikiwa zimelala ndani ya telefone, zilikuwa zinasikiliza ku mulango wa ndani wa ile telefone. Ukifungua ndani ya navigateri tovuti yenye iko na kipande cha Meta, na tovuti nyingi sana ziko nacho, kile kipande kilikuwa kinapitisha namba yako kwa ule mulango. Aplikasio inaipokea, na kwa sababu aplikasio inajua jina lako, mara moja Meta inajua ni wewe fulani uko unasoma hii tovuti. Haikuomba uwe umeingia Facebook ndani ya navigateri. Dirisha la siri halikusaidia. Kufuta kuki hakukusaidia. Kampuni ya Urusi, Yandex, ilikuwa inafanya vile tangu 2017. Jambo lilipotangazwa mwezi wa sita, Meta iliacha siku ileile. Brave ilikuwa imefunga ule mulango tangu zamani, mbele hata watu wajue. Chrome haikuwa imeufunga. Njo maana nasema navigateri siyo rangi ya duara ku kioo tu, ni milango gani iko imefungwa wakati wewe hauko unaangalia.

Tena juu ya Facebook: ukigusa lien ndani yake, mara nyingi haifunguke ndani ya navigateri yako. Inafunguka ndani ya dirisha la Facebook yenyewe. Mwaka wa 2022 mutaalamu Felix Krause alionyesha kwamba madirisha ya namna hiyo, ya Facebook na ya Instagram, yanaongeza kodi yao ndani ya ukurasa wa watu wengine wenye unafungua. Kwa hiyo unaweza kuchagua Firefox, uipange vizuri, na kisha usiitumie hata siku moja bila kujua. Gusa zile nukta tatu pale juu, chagua kufungua ndani ya navigateri ya inje. Ni kazi ya sekunde mbili.

Opera Mini iombe ukurasa wake, kwa sababu wengi wetu tulijifunza intaneti nayo, ku vile vitelefone vya vifungo. Inasaidia kweli mega, lakini ni vizuri kujua namna gani. Ukiiweka ku namna ya kubana zaidi, ukurasa haukujie moja kwa moja. Serveri ya Opera inaufungua kwanza, inaukamua, kisha inakutumia ule mudogo. Maana yake, hata kale kakufuli kenye kanaonyesha kwamba ukurasa umefungwa, pale katikati kuko mutu mwenye anaufungua. Kwa kusoma matokeo ya Mazembe, haina shida. Kwa kuingia benki, imeili, ao dosie ya hospitali, mimi singeitumia namna ile. Opera ilizaliwa Norvege mwaka wa 1995, na tangu 2016 iko mikononi mwa wawekezaji wa China. UC Browser, yenye ilipendwa pia kwa kubana mega, iko na hadisi mbaya zaidi: mwaka wa 2015 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilionyesha kwamba ilikuwa inatuma namba za kutambulisha telefone na mambo yenye mutu anatafuta bila kuyafunga vizuri, hata mutu wa njiani angeweza kuyasoma. Kama bado iko ndani ya telefone yako, ondoa.

Na kuko kampuni ya mutandao, Vodacom, Airtel, Orange ao Africell, na nyuma yake serikali. Hapa navigateri za kawaida zinafika mwisho wa nguvu zao. Ukurasa wenye kufungwa na kakufuli unaficha kile chenye unasoma na kile chenye unaandika, lakini jina la tovuti kwa kawaida linaonekana. Kampuni haione ukurasa gani wa tovuti ya kliniki umesoma. Inaona kwamba ulienda ku kliniki. Mwenye kutaka kuficha hata hilo, anatumia Tor Browser: inapitisha safari yako kwa mashini tatu za watu mbalimbali, na hakuna hata moja yenye inajua mwanzo na mwisho pamoja. Kazi ya kwanza ya hiyo teknolojia ilifanywa ndani ya maabara ya jeshi la maji la Marekani, miaka ya 1990. Iko bure hata ku Android. Lakini iko polepole sana, tovuti zingine zinaikataa, na kampuni inaweza kuona kwamba unatumia Tor, hata kama haione unaenda wapi. Kwa mwandishi wa habari ao mutu wa haki za binadamu, inafaa. Kwa kutafuta bourse, utachoka. Na mutandao ukikatwa wote, kama vile walikata kisha uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka wa 2018, hakuna navigateri yenye itakusaidia.

Inchi yetu iko na Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, yenye iko na mambo juu ya ulinzi wa data ya mutu binafsi. Wanasheria wetu, ninyi njo mungetuelezea vizuri. Mimi naendelea na telefone.

Basi, kama ungekaa na mimi mbele ya telefone yako, ningefanya hivi. Kama iko na memwari ya kutosha, naweka Firefox na ndani yake ile nyongeza ya uBlock Origin, yenye inazuia matangazo; Firefox ya Android inaipokea, Chrome ya Android haipokee nyongeza hata moja. Kama hautaki kugusagusa mipangilio, naweka Brave, nazima mambo yake ya kripto, tumemaliza. Kama telefone iko ndogo, ile yenye inalia wakati aplikasio tatu ziko wazi, DuckDuckGo ao Firefox Focus. Chrome siiondoe kwa nguvu, mara nyingi telefone yenyewe inakataa. Naingia ku "Applications par défaut" na kuchagua ingine, ili lien zifungukie kule. Ile mashini ya kutafutia naibadilisha pia, kwa sababu ukiwa umeingia ndani ya konti yako ya Google, mambo yenye unatafuta yanaandikwa kwa jina lako hata kama uko ndani ya Firefox.

Navigateri uichukue ku Play Store. Usipokee ile yenye rafiki anakutumia na Xender ili muchunge mega. Hauwezi kujua nani aliifungua njiani na aliongeza nini. Na mbele ya kuuzisha telefone, usifute picha tu na kusema imeisha. Toka kwanza ndani ya konti ya Google, ingia ndani ya navigateri ufute maneno ya siri yenye ilikuwekea, kisha rudisha telefone yote ku mipangilio ya kiwanda. Ufanye hivyo nyumbani, mbele ya mununuzi kufika, siyo pale barabarani wakati ameisha kushika pesa mukononi na anakuambia uharakishe.